Mgongo wa Risiti

Risiti ya mwaka 1974 bado inasomeka. Ile ya benki ya mwaka 2016, iliyokuwa ndani ya bahasha hiyohiyo, ni karatasi nyeupe tupu. Ukiiinamisha kidogo mbele ya dirisha unaona kivuli cha nembo, basi; jina hakuna, kiasi hakuna. Ya kwanza iliandikwa na karani aliyekandamiza kalamu juu ya karatasi ya kaboni, na mkandamizo ule umebaki hadi leo, unaweza kuupapasa kwa kidole. Ya pili haikuwahi kuwa na wino. Mashine nyingi za risiti za siku hizi huchapa kwa joto juu ya karatasi iliyopakwa kemikali, na maandishi yake huliwa na jua, na mafuta ya vidole, na hata ile mifuko ya plastiki ambayo mtu huinunua akidhani anazitunza.

Kwa hivyo mtu akiniuliza aanzie wapi kuskani karatasi za nyumbani kwao, namwambia aanze na zile mpya. Wengi huanza na za kale kwa sababu zinatia huruma, zimekunjamana, zina rangi ya chai. Lakini za kale zimeshaonyesha kwamba zinaweza kukaa. Inayokufa ni ile ya juzi ya hospitali.

Haya niliyajulia Gatongora, kwenye sanduku la bati la shosho, mzaa mama. Gatongora ni wadi mojawapo ya Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na ukija leo utadhani watu wamekuwa wakijenga fleti hapa tangu dunia iumbwe. Hapana. Sehemu kubwa ya nchi hii ya Ruiru ilikuwa kahawa. Hata ile mbegu inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, jina lake limetoka kwa kituo cha utafiti cha hapa. Uhuru ulipokuja, na walowezi wakaanza kuuza mashamba, mtu wa kawaida hangeweza kununua shamba zima. Watu wakaungana kwenye kampuni na vyama vya kununua ardhi. Unanunua hisa, unalipa kidogokidogo, unapewa risiti kila unapolipa. Ukimaliza unapewa cheti cha hisa. Halafu unangoja siku ya kupiga kura za ploti, unachota karatasi yenye namba, na hiyo namba ndiyo shamba lako. Kati ya risiti ya kwanza na taito kunaweza kupita miaka kumi, au thelathini, au maisha yako yote. Ndiyo maana wazee wa huku hawatupi karatasi.

Guka alikufa 1996. Kesi yake ya mirathi haikufunguliwa, na huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Watu wanaishi kwenye ploti, wanajenga, wanagawana kwa kuonyeshana mti wa mpaka, na taito inabaki kwa jina la marehemu. Mambo hubadilika bei ikibadilika. Barabara kuu ya Thika ilipomalizwa 2012, na Eastern Bypass ikawa imeshapita upande ule, ploti ambayo ilikuwa ya kupanda mahindi na sukumawiki ikaanza kutembelewa na watu wenye magari safi. Shosho alikuwa akiwafukuza. Alipofariki 2023 hakukuwa tena na wa kufukuza, na wajomba zangu wawili wakaamua kwamba sasa mambo ya mzee yanyooshwe.

Wakili alitaka kila kitu kwa PDF. Mahakama zetu zilianza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na kufikia 2024 utaratibu huo ukasambazwa nchi nzima, kwa hivyo hata kesi ndogo ya familia sasa inaingia kwa mlango huo. Mjomba mkubwa alikuwa ameshafanya lake. Alikuwa amebeba zile karatasi alizoziona za maana hadi saiba moja Ruiru, akarudi na faili ya kurasa kumi na moja iliyoitwa MZEE DOCS FINAL. Ilikuwa imetumwa kwenye grupu la familia na kila mtu akaweka kidole gumba. Kilichobaki kilikuwa vipande vya watu wote, cheti cha kifo cha shosho, na barua ya chifu inayotaja warithi.

"Wewe si uko na simu ya maana?" Mjomba akaniambia. "Malizia hizo chache. Zile zingine kwa sanduku ni takataka za mama, zichomwe tu."

Nikaenda na simu ya maana. Ilikuwa ile mvua ya Aprili 2024, ambayo mito ilifurika na kule Mathare nyumba za watu zikabebwa na maji. Nyumba ya shosho haikuingiwa na maji, lakini paa lilikuwa likivuja juu ya kabati, na sanduku lilikuwa chini ya kabati. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba nisimalizie hizo chache tu.

Aliyenifungulia ni Tata. Sisi huita dada ya mama tata. Kwa Kiswahili sanifu angekuwa mama mkubwa, maana ndiye kifungua mimba. Aliolewa, ikashindikana, akarudi nyumbani miaka ya themanini, akaishi na shosho hadi akamzika. Wajomba humheshimu kwa namna ya kumletea sukari Krismasi. Kwenye mazungumzo ya ploti alikuwa akitajwa kama kitu kilichomo ndani ya nyumba. "Na huyo Tata atakaa wapi?" "Atatengewa chumba." Kulikuwa na fomu iliyokuwa imeandaliwa, ya kwamba yeye hadai chochote na anawaachia ndugu zake. Alikuwa hajaitia sahihi, si kwa kukataa. Alisema miwani yake imevunjika.

Kuskani kwa simu ni kazi ya mwanga. Watu hufikiri ni kazi ya kamera, wakanunua simu ya bei, halafu wanapiga picha usiku chini ya balbu, na kila ukurasa una kivuli cha kichwa chao. Sogeza meza hadi dirishani. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii karatasi. Zima tochi ya simu, maana inaacha doa jeupe katikati, na doa hilo hupenda kukaa juu ya muhuri. Chini ya karatasi tandika kitu cheusi. Mimi nilitumia sketi ya shule ya binti ya jirani, rangi ya samawati iliyokolea. Programu ya kuskani hutafuta mahali weupe unapoishia na weusi unapoanzia, ikishapata kingo nne inainyoosha picha iwe kama imepigwa kutoka juu kabisa hata kama mkono wako ulikuwa umepinda. Juu ya kitambaa cheupe cha meza haioni chochote, na itakukata ukurasa katikati ya jina la mtu.

Karatasi zilizokunjwa kwa miaka hazipigwi pasi. Nilikuwa nikizilaza chini ya Biblia ya shosho na kitabu cha nyimbo, saa mbili tatu, huku nikiendelea na zingine. Mihuri ile ya kubonyezwa isiyo na wino, kama iliyoko kwenye vyeti vingine, haionekani ukiipiga kwa mwanga wa mbele. Mwangaze kutoka ubavuni, kwa tochi ya simu ya pili iliyolazwa mezani, ndipo vilima vyake vitapata kivuli. Tata ndiye aliyekuwa akinishikia tochi. Siku ya pili akaanza kunisahihisha.

Sasa kuna ile rangi. Programu nyingi, ukishapiga, hukupa chaguo: rangi asili, kijivu, nyeusi-na-nyeupe. Watu wa saiba hupenda nyeusi-na-nyeupe kwa sababu faili inakuwa ndogo na ukurasa unatoka msafi kama fotokopi mpya. Lakini angalia programu inafanya nini kupata usafi huo. Inapita kwenye kila nukta ya picha na kuamua: wewe ni wino, au wewe ni karatasi. Hakuna jibu la tatu. Wino mweusi unaponea. Muhuri wa zambarau uliofifia unategemea bahati. Penseli inaitwa karatasi.

Risiti za hisa zilikuwa ishirini na tatu, zimeshikwa na pini ambayo ilishaota kutu. Kwenye MZEE DOCS FINAL zilikuwa tatu, upande wa mbele tu: ya kwanza, ya mwisho, na moja ya katikati. Kila moja imeandikwa jina la guka. Nilipochomoa ile pini na kugeuza ya juu, nikaona mstari mmoja wa penseli, mdogo, umeinama kama mtu anayepanda mlima. *Mbeca cia iria.* Pesa za maziwa.

Shosho alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya gumbaru, kabla hata ya ile kampeni ya kitaifa ya mwaka 1979. Mimi nilimjua kama mtu wa kusoma Biblia kwa kidole na kuandika majina kwenye magunia. Sikujua alikuwa mhasibu. Nyuma ya risiti kumi na tisa kati ya zile ishirini na tatu alikuwa ameandika pesa zilikotoka. Tatu ni maziwa. Mbili ni za chama. Katika miaka ile akina mama wa Mkoa wa Kati walikuwa na vikundi vyao vya kuchangiana, maarufu kama vya mabati, kwa sababu walianza kwa kuezekeana nyumba. Tano ni kahawa, na hiyo haikuwa kahawa yao. Ni kibarua cha kuchuma kwenye shamba la wenyewe, ambapo unalipwa kwa debe, na idadi ya madebe ameiandika.

Tisa zilizobaki zimeandikwa *mbeca cia Thika.* Pesa za Thika. Zote ni za kati ya 1976 na 1979, na ndizo zenye viwango vikubwa. Nilijumlisha mara tatu kwa kikokotoo cha simu. Ni karibu nusu ya bei ya hisa nzima.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kazi Thika miaka hiyo.

Nilikuwa nimeketi na Tata, ameshika tochi. Nikampa simu kwa sababu macho yake hayaoni penseli kwenye karatasi, lakini kwenye kioo unaweza kupanua kwa vidole viwili hadi herufi moja iwe kubwa kama kiganja. Alipanua. Akasogeza. Akapanua tena, akafika mwisho wa neno akarudi mwanzo.

"Kumbe aliandika," akasema.

Halafu akaniuliza kama iko nyingine. Nikamwonyesha zote tisa. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, aliniambia, zamu ya usiku, na mwisho wa mwezi alikuwa akileta bahasha haijafunguliwa, anampa mama yake, anarudishiwa nauli. Alidhani pesa zile zilisomesha wavulana. Pengine nyingine zilisomesha. Hakuwahi kuuliza, na shosho hakuwahi kusema, na ile fomu ya kwamba hadai chochote ilikuwa mezani pale pale chini ya bakuli.

Hapa ndipo nilipoona kazi hii si ya mkono tu. Mwenye kuskani ndiye msomaji wa kwanza wa kila ukurasa, na mara nyingi ndiye wa mwisho, kwa sababu wengine wote wanapokea faili na hawafungui zaidi ya ukurasa wa pili. Yeye ndiye anayeamua karatasi ina pande ngapi. Mjomba hakuficha kitu. Naamini hivyo hadi leo. Kijana wa saiba naye hakuficha kitu, aliambiwa askani risiti akaskani risiti. Mashine ikasafisha. Watu watatu, kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, na mtu mzima akatoweka kwenye faili.

Nafikiria hilo pia ninaposoma habari za serikali kuhamishia kumbukumbu za ardhi mtandaoni. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianza na Nairobi, na mimi ni mmoja wa wanaoufurahia, kwa sababu nimeona foleni na nimesikia "faili haionekani, njoo wiki ijayo". Lakini kila faili ya zamani iliyomo humo ilipita mbele ya mtu fulani aliyeketi na mashine, rundo moja kushoto na rundo jingine kulia, saa kumi jioni. Natumai aligeuza karatasi.

Mimi nilitaka kutuma usiku uleule. Grupu la familia, wote kwa mpigo, asije mtu akasema aliletewa habari na mwingine. Tata akakataa.

"Usiwatumie kwa simu. Hao ni ndugu zangu. Waje wakae, wanywe chai, waone."

Tukabishana kidogo, kadiri mtu anavyoweza kubishana na tata yake, ambayo si sana. Tukakubaliana hivi: kurasa zote zitaskaniwa kwa rangi asili, mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu, ndipo asitokee wa kusema nimechagua. Zitachapishwa. Wataitwa. Na wakishaona, kila mmoja atapewa faili nzima siku ileile. Zikafika kurasa 146. Nilizipa majina kwa kuanza na mwaka, mwezi, tarehe, halafu ni nini, kwa sababu kompyuta hupanga majina kama mtoto wa darasa la kwanza, na ukianza na mwaka karatasi zinajipanga zenyewe kama zilivyoishi. Tafadhali usiite kitu FINAL. Hakuna kitu kilichowahi kuwa FINAL.

Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili, si kama picha. Ukituma kama picha inafinywa ipite haraka, na kinachofinywa kwanza ni vitu vidogovidogo, yaani penseli tena.

Wajomba walikuja Jumamosi. Mama yangu alikuja pia, amevaa kama wa kanisani. Chai ikanywewa. Nikaweka zile karatasi zilizochapishwa mezani, na kando yake zile zenyewe ndani ya bahasha ya khaki. Mjomba mdogo, ambaye ni mtu wa maneno, alisema kile ambacho ningesema mimi kama ningekuwa yeye: penseli inaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata juzi.

Ni kweli. Picha haiwezi kukuambia umri wa penseli. Sheria pia inalijua jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki ije na cheti cha kueleza ilitengenezwaje na kwa kifaa gani, na hata hapo hakimu anaweza kuuliza karatasi yenyewe iko wapi. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeskani halafu akachoma. Skani ni ya kusomea, ya kutumia wakili, ya siku ambayo paa litavuja. Taito ikipotea, kwa mfano, kutoa nyingine ni tangazo kwenye Gazeti Rasmi na kungoja siku 60, na unahitaji namba iliyokuwa kwenye ile iliyopotea. Picha itakupa namba. Haitakuwa taito.

Basi Mjomba mkubwa akachukua bahasha, akatoa zile zenyewe, akazigeuza moja moja. Kutu ya pini ilikuwa imetiririka juu ya maandishi ya risiti nne au tano, ikaacha mstari wa kahawia uliopita juu ya penseli. Nilikuwa nimejitayarisha kusema hilo, nilikuwa hata nimeliwekea alama. Sikupata nafasi. Alikuwa amesimama kwenye risiti moja ya 1977 kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno matatu.

"Hii T," akasema. "Alikuwa anatia sahihi ripoti yangu ya shule hivi. Mwalimu alikuwa ananiuliza kama nimeiandika mwenyewe."

Hakuna aliyejibu. Akaendelea kugeuza, akafika kwenye ile yenye kiasi kikubwa kuliko zote, akaisoma kwa sauti, tarehe, shilingi, halafu nyuma yake. Akamtazama dada yake. Tata alikuwa akimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Wakili alipoziona alitueleza jambo ambalo halikuwa jipya kwake lakini kwetu lilikuwa. Kwamba mbele ya sheria Tata hakuhitaji penseli. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, wazazi wote wawili wakiwa wamekwenda bila wosia, inawagawia watoto sawasawa, na haisemi wa kiume. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwa sauti mwaka 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, na Katiba ya 2010 ikapigilia. Anaweza kupokea sehemu sawa na ndugu zake hata kama hangewahi kuchangia senti. Na zile tisa? Akasema anaweza kuzitumia kudai zaidi ya sawa, ni njia ndefu, yeye mwenyewe aamue. Tata akasema sawa inamtosha. Ila ile fomu nyingine, ya kutodai chochote, aliomba irudishwe kwake, akaitia kwenye moto wa kuni mbele yetu. Sikuiskani.

Nilitaka kuandika pia juu ya mahali pa kuweka faili hizi, kwa sababu ndipo watu hulegea. Programu usiijue jina tu. CamScanner ilikuwa imepakuliwa na zaidi ya watu milioni 100 wakati watafiti wa Kaspersky walipotangaza, Agosti 2019, kwamba toleo lake la Android lilikuwa na kijiprogramu kibaya ndani; Google ikaiondoa dukani, ikarudi baadaye ikiwa imesafishwa. Simu nyingi zina njia ya kuskani tayari, ndani ya Google Drive au kwenye Notes ya iPhone, huna haja ya kuweka kipande cha marehemu kwenye kitu usichokijua. Halafu akaunti. Google hukupa GB 15 za bure, lakini tangu Desemba 2023 ilianza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Fikiria. Sanduku la bati lilikaa miaka arobaini na tisa bila mtu kuliandikia nywila, na lingekaa zaidi. Faili yangu inahitaji mimi niwe hai na nikumbuke. Kwa hivyo nakala moja iko kwangu, moja kwa binamu yangu ambaye hatupendani sana na kwa hiyo hataifuta kwa kunifurahisha, na moja kwenye flashi ambayo Tata ameifunga kwenye leso pamoja na kitambulisho chake. Zile zenyewe zimepata sanduku jipya, na funguo anazo yeye.

Kesi bado haijaisha. Mambo ya mirathi huenda kwa mwendo wake. Sasa kuna fomu ya ridhaa ambayo watoto wote wanne wanapaswa kuitia sahihi, na ndani yake sehemu ni nne, zilizo sawa. Mama ametia. Tata ametia, kwa miwani mpya. Mjomba mkubwa ametia. Mjomba mdogo bado. Anasema hatii sahihi kitu kabla hajasoma, na amepewa kurasa 146 kama wengine. Mama anadhani anavuta muda.

Jumapili iliyopita alinipigia. Alitaka kujua ukurasa wa 61 umeandikwa nini pale chini, simu yake ni ndogo, haoni. Nikafungua yangu, nikapanua kwa vidole viwili.

"Hapo ni kahawa, Mjomba. Madebe manne."

"Manne kwa siku moja?"

"Ndivyo alivyoandika."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia akilamba kidole, akigeuza karatasi. Kumbe alikuwa ameenda kuzichapisha.

"Na 62?" akauliza.